Kupima uthibitishaji wa watumiaji kwenye programu za wavuti: jaribio la maana ni lile la kukataliwa

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba tujadili jambo hili kwa kina kidogo, maana naona linapuuzwa hata na wasanidi wanaoijua kazi yao vizuri katika mambo mengine yote.

Ukisoma ripoti za majaribio ya mifumo inayotengenezwa hapa kwetu, iwe ya SACCOS, ya shule au ya duka la mtandaoni, sehemu ya kuingia kwenye akaunti huwa na mistari ileile mitatu: nenosiri sahihi, mtumiaji ameingia; nenosiri si sahihi, mtumiaji amekataliwa; sehemu imeachwa wazi, ujumbe wa kosa umeonekana. Pembeni kunawekwa alama ya vema, na mfumo unakabidhiwa kwa mteja. Majaribio hayo yanathibitisha kwamba mtu mwema anayefuata njia aliyochorewa ataingia, lakini hayasemi lolote kuhusu mtu asiyetakiwa kuingia, ambaye hana sababu yoyote ya kupita kwenye fomu ile.

Hoja yangu ni kwamba kila jaribio la uthibitishaji lianze kwa swali moja: ni nani anayepaswa kukataliwa hapa, na ni seva ipi itakayomkataa? Nasema seva kwa makusudi. Nimeona mifumo ambayo baada ya kukosea mara tano kitufe cha kuingia kinazimika na maandishi mekundu yanatokea yakimtaka mtumiaji asubiri dakika kumi na tano, ila ukilichukua ombi lilelile na kulituma tena kwa curl (amri ya kutuma maombi bila kivinjari), au ukilipitisha kwenye Burp Suite au ZAP, zana za kunasa na kubadilisha maombi, seva inalijibu kana kwamba haikusikia lolote. Aliyekataa pale ni kivinjari peke yake, na kivinjari kiko mikononi mwa mshambuliaji.

Nianze na kihesabio cha majaribio, yaani kinachohesabu mtu amejaribu kuingia mara ngapi, kwa kuwa ndipo makosa mengi yanapojificha. Msimbo wa tarakimu nne una uwezekano 10,000. Seva inayokubali maombi 50 kwa sekunde bila kuhesabu itakuwa imejaribiwa yote kwa sekunde 200, yaani kabla OTP (msimbo wa kutumika mara moja) ya dakika tano haijaisha muda. Tarakimu sita huleta uwezekano 1,000,000, na wengi hudhani idadi hiyo inatosha kuwalinda. Mwaka 2016 mtafiti wa India, Anand Prakash, aligundua kwamba tovuti kuu ya Facebook ilizuia kubahatisha msimbo wa tarakimu sita wa kurejesha akaunti, lakini toleo la majaribio lililokuwa kwenye anwani ya beta, ambalo lilitumia akaunti zilezile, halikuzuia. Alilipwa dola 15,000. Kwa anayepima, maana yake ni kwamba ukomo wa majaribio lazima upimwe kwenye kila mlango unaofikia akaunti ileile: API (njia ambayo programu huzungumza na seva) ya programu ya simu, toleo la zamani la API ambalo hakuna aliyelizima, na seva ya majaribio iliyounganishwa na kanzidata halisi.

Miaka mitatu baadaye, Laxman Muthiyah alikuta Instagram inahesabu, ila hesabu yenyewe ilifuata anwani ya IP, yaani namba ambayo kifaa hutumia mtandaoni. Kwa kutumia anwani 1,000 zilizotuma maombi kwa pamoja aliweza kupitisha majaribio 200,000 bila kuzuiwa, na alilipwa dola 30,000. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kihesabio kipo. Inabidi ujue kinahesabu nini.

Hapo ndipo naomba tutazame mifumo yetu kwa karibu. Mingi humtambua mtumiaji kwa namba ya simu, na namba moja huandikwa kwa namna nyingi: yenye 07 mwanzoni, yenye 255, yenye +255, yenye nafasi katikati. Kwa kawaida msanidi ameweka kipande cha kusawazisha namba hiyo kabla ya kuitafuta kwenye kanzidata, lakini kihesabio kimewekwa mbele ya kipande hicho na kinahesabu maandishi kama yalivyofika. Matokeo yake ni kwamba kwa akaunti moja mshambuliaji anapata majaribio matano kwa kila namna ya uandishi, na akianza kuongeza nafasi moja, mbili, tatu mwishoni mwa namba, hana kikomo. Jaribio lake ni rahisi mno: kosea mara tano kwa namba yenye 07 mpaka ufungiwe, kisha tuma nenosiri sahihi kwa namba hiyohiyo yenye +255. Ukiingia, kihesabio hicho ni pambo.

Kasoro ya kufanana nayo ni ya mfumo unaoamini heda (maelezo yanayoambatana na ombi) ya X-Forwarded-For, inayodai ombi limetoka anwani ipi, bila kuangalia imetoka wapi. Mshambuliaji huandika anwani mpya ya IP katika kila ombi, na seva humhesabu kila mara kama mgeni. Tuma maombi kumi yenye heda kumi tofauti ukiwa kwenye kompyuta moja, na jibu utalipata papo hapo.

Sasa tuje kwenye "Umesahau nenosiri?", ukurasa ambao kwa maoni yangu unastahili muda mwingi kuliko ukurasa wa kuingia wenyewe, kwa sababu ni njia rasmi ya kuingia bila kujua nenosiri. Omba kiungo cha kurejesha akaunti ya mtumiaji wa kwanza, kisha uone kama tokeni yake (msimbo wa siri ulio ndani ya kiungo) inakubalika ukibadilisha kitambulisho cha akaunti kiwe cha mtumiaji wa pili. Kitumie kiungo mara mbili; mara ya pili kinapaswa kukataliwa. Omba viungo viwili mfululizo, ukitumie kile cha pili, kisha urudi kwenye cha kwanza. Badilisha heda ya Host, inayotaja tovuti inayoombwa, iwe jina la tovuti nyingine na ufungue baruapepe itakayofika: kama kiungo kimeelekea kwenye tovuti hiyo nyingine, tokeni ya mtumiaji itamfikia mdukuzi mara tu mwenye akaunti atakapokibofya.

Hata mifumo yenye kuheshimika imejikwaa hapo. Desemba 2019 Django, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, ilitoa marekebisho ya kasoro iliyopewa namba CVE-2019-19844. Anwani ya baruapepe ilikuwa inalinganishwa bila kujali herufi kubwa na ndogo, na katika ulinganisho huo baadhi ya herufi za Unicode (mkusanyiko wa herufi za lugha zote) zilionekana sawa na herufi za kawaida, kisha tokeni ikatumwa kwenye anwani iliyoandikwa na muombaji badala ya ile iliyohifadhiwa kwenye kanzidata. Mtu aliyeweza kusajili anwani inayofanana kwa namna hiyo alipokea tokeni ya mwenzake. Kwa hiyo, unapopima, angalia ujumbe umetumwa kwa anwani ipi hasa, usiridhike na kwamba umetumwa.

Nitaishia hapo kwa sasa ili tusikie michango. Masuala ya sesheni (muda ambao mtumiaji anabaki ameingia) na uhifadhi wa nenosiri nitayaleta kadiri mjadala utakavyokwenda.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, shukrani kwa uzi mzuri. Nina swali kuhusu ukomo wa majaribio. Ikiwa kuhesabu kwa IP hakutoshi, na kuhesabu kwa akaunti kunamruhusu mtu yeyote mwenye chuki na mimi aifunge akaunti yangu kwa kukosea makusudi mara tano kila asubuhi, basi tupime nini? Sisi tunatumia Laravel, mfumo wa kutengenezea tovuti kwa lugha ya PHP, na tumeacha mpangilio wake wa kawaida.

Mwanzisha uzi

Swali lako ni la msingi, ndugu yangu. Mpangilio unaokuja na vifurushi vya kuanzia vya Laravel kama Breeze huunganisha utambulisho ulioandikwa na anwani ya IP kuwa ufunguo mmoja, na huruhusu kukosea mara tano. Unakusaidia dhidi ya mtu mmoja aliyekaa mahali pamoja. Haukusaidii dhidi ya mwenye anwani nyingi, na haukusaidii dhidi ya mtu anayejaribu nenosiri moja linalotumiwa na wengi kwenye akaunti elfu moja, kwa kuwa kila akaunti anaigusa mara moja tu.

Kwa upande wa pili, ukiamua kuhesabu kwa IP peke yake, kumbuka kwamba wateja wetu wengi wanaingia kwa intaneti ya simu, na kampuni za simu huwaweka watumiaji wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Utawafungia wanachama waliolala kwao usingizi kwa sababu ya jirani yao mmoja wa mtandaoni.

Ninachopendekeza ni vihesabio viwili vinavyofanya kazi pamoja: cha akaunti, ambacho huongeza muda wa kusubiri kidogo kidogo badala ya kufunga kabisa, na cha anwani ya IP, chenye kiwango cha juu zaidi na kinachohesabu makosa kwenye akaunti zote. Majaribio yake ni ya pande mbili. La kwanza ni kushambulia. La pili, ambalo husahaulika, ni kuhakikisha kwamba wakati shambulio linaendelea mwenye akaunti bado anaweza kuingia kwa kifaa alichokwisha kukitumia siku za nyuma. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, namba 800-63B unaweka ukomo wa juu wa makosa 100 mfululizo kwa akaunti, kwa hiyo huna sababu ya kung'ang'ania makosa matatu kana kwamba imeandikwa kwenye sheria.

Mchangiaji wa pili

Wakuu, mteja wangu anadai kila mwanachama abadilishe nenosiri kila baada ya siku 90, na liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Mpimaji wetu ameandika kwamba hilo ni takwa la usalama. Je, ni kweli?

Mwanzisha uzi

Lilikuwa ushauri wa kawaida kwa miaka mingi, lakini mwongozo huohuo wa NIST, katika toleo la 2017, uliwashauri watu waache kulazimisha mabadiliko ya mara kwa mara pasipo dalili ya kuvuja, na toleo la 2025 limeligeuza kuwa katazo, pamoja na masharti ya mchanganyiko wa herufi. Ukimlazimisha mtu abadilishe kila robo mwaka, mwezi wa tatu atakuwa na Juma2024! na mwezi wa sita Juma2025!, na mshambuliaji anajua hivyo.

Kinachopaswa kupimwa badala yake ni kama mfumo unakataa nenosiri lililokwisha kuvuja. Orodha iliyotokana na kuvuja kwa kampuni ya RockYou mwaka 2009 ina manenosiri yapatayo milioni 14 yasiyojirudia, na huja pamoja na Kali Linux, mfumo wa kompyuta wa wapimaji wa usalama, kwa hiyo chukua machache kutoka humo ujaribu kusajili akaunti. Usiishie kwenye orodha za Kiingereza. Jaribu nakupenda, mungumwema, jina la timu ya mpira na mwaka wake, na jina la taasisi yenyewe likifuatiwa na 123. Orodha za kigeni hazina maneno yetu ya kutosha, na hili ni jambo ambalo mpimaji wa Dar es Salaam au Mombasa analijua kuliko programu yoyote iliyotoka nje.

Kuna pia suala la urefu, na hapa naomba nikae kidogo. Algoriti ya bcrypt, inayogeuza nenosiri kuwa maandishi yasiyosomeka kabla ya kulihifadhi, iliyotolewa mwaka 1999 na Niels Provos na David Mazières, hutazama baiti 72 za mwanzo tu (herufi moja ya kawaida ni baiti moja). Baadhi ya maktaba za programu hukataa maandishi marefu zaidi, nyingine hukata kimyakimya. Amri ya password_hash ya PHP, ikiwa inatumia bcrypt, ni miongoni mwa zinazokata. Jaribio: sajili nenosiri la herufi 73, kisha ingia ukiwa umebadilisha herufi ya mwisho. Ukikubaliwa, umeuona ukataji huo kwa macho yako.

Kwa nenosiri la kawaida madhara ni madogo, na sitaki kumtisha mtu bure. Madhara huja pale msanidi anapounganisha vitu kabla ya kuvipitisha kwenye bcrypt. Mwaka 2024 Okta, kampuni ya huduma za kuthibitisha watumiaji, ilitangaza kwamba, kwa wateja waliokuwa wakitumia uthibitishaji wa AD au LDAP (orodha za watumiaji za ndani ya taasisi) kupitia kwake, ufunguo wa akiba (wa kumkumbuka aliyekwisha kuthibitishwa) ulitengenezwa kwa kuunganisha kitambulisho cha mtumiaji, jina la mtumiaji na nenosiri, kisha kuvipitisha kwenye bcrypt. Jina la mtumiaji likiwa na herufi 52 au zaidi, nafasi za baiti 72 zilikwisha kabla nenosiri halijafikiwa, na katika mazingira fulani mtu angeweza kukubaliwa kwa jina peke yake. Kasoro hiyo iliingia tarehe 23 Julai 2024 na kurekebishwa tarehe 30 Oktoba. Jaribio moja lenye jina refu na nenosiri lisilo sahihi lingeweza kuinasa siku ya kwanza, lakini nani hupima jina la herufi 52? Ndiyo maana nasisitiza kupima mipaka: jina refu kupita kiasi, nenosiri refu kupita kiasi, herufi zenye alama, na nenosiri lenye nafasi mwanzoni na mwishoni.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, umeahidi sesheni. Sisi tumehamia kwenye tokeni za JWT (zenye saini, ambazo mtumiaji huzibeba mwenyewe), na tunaambiwa tatizo la kuki, yaani taarifa ndogo ambazo kivinjari huhifadhi, limekwisha.

Mwanzisha uzi

Tatizo limehama, halijaisha. Katika sesheni za kuki kuna majaribio matatu ambayo siwezi kuyaacha. Kwanza, nakili kitambulisho cha sesheni kabla ya kuingia na baada ya kuingia. Kisipobadilika, mtu aliyekupandikizia kitambulisho kabla hujaingia ataingia pamoja nawe. Pili, nakili kuki, bofya "Toka", kisha tuma ombi la ukurasa wa akaunti ukitumia kuki uliyoinakili. Mifumo mingi hufuta kuki kwenye kivinjari na kuiacha hai kwenye seva. Tatu, ingia kwenye vivinjari viwili, badilisha nenosiri kwenye kimoja, kisha uonyeshe upya ukurasa kwenye kingine. Mtu hubadilisha nenosiri kwa sababu anashuku kuna mwingine ndani ya akaunti yake, na mfumo unaomwacha huyo mwingine aendelee haujamsaidia kitu.

JWT inayobebwa peke yake hushindwa jaribio la pili na la tatu kwa asili yake, kwa sababu seva haikumbuki lolote na tokeni huishi hadi muda wake uishe. Ndiyo maana muda huo unapaswa kuwa wa dakika chache, huku tokeni ya kuhuishia (ya kuombea tokeni mpya) ikihifadhiwa kwenye kanzidata ambako inaweza kufutwa. Kisha kuna majaribio ya saini: badilisha sehemu ya alg (inayotaja aina ya saini) iwe none na uondoe saini, badilisha RS256 (saini ya funguo mbili, wa siri na wa umma) iwe HS256 (saini ya ufunguo mmoja wa siri) na utie saini kwa ufunguo wa umma wa seva. Mbinu hizo mbili zilielezwa hadharani mwaka 2015 na maktaba kubwa zikarekebishwa, lakini mtu aliyejiandikia kipande chake cha kuhakiki tokeni, au anayesoma yaliyomo bila kuihakiki saini, bado yumo hatarini.

Mchangiaji wa kwanza

Na kupima muda wa OTP kuisha? Timu yangu inalazimika kukaa dakika kumi ikisubiri kila mara.

Mwanzisha uzi

Msisubiri. Laravel ina njia ya kusogeza saa ndani ya jaribio, kwa mfano $this->travel(11)->minutes(), kisha unatuma msimbo na kutarajia ukataliwe. Pima pia sekunde chache kabla ya mwisho, kwa sababu SMS zetu huchelewa, na msimbo wa dakika moja huwakataa watu halali.

Jaribio lingine la OTP ambalo huwezi kulifanya kwa mkono ni la maombi ya pamoja: tuma maombi ishirini kwa wakati mmoja yenye msimbo sahihi uleule, na moja tu lipaswe kufaulu. Kisha tuma ishirini yenye misimbo isiyo sahihi na uangalie kihesabio kimefika ngapi. Kikisoma tatu au nne, basi msanidi anasoma namba, anaongeza moja na kuiandika upya kwa hatua tofauti, na maombi yanapitana njiani. Kuhusu SMS yenyewe, NIST inaiweka katika kundi lenye masharti, na sisi tunajua kwa nini: laini ya mtu inaweza kurudishwa kwenye kadi nyingine na asiye mwenyewe, na namba iliyokaa bila kutumika hugawiwa mteja mpya. Pima basi kinachotokea kwa akaunti iliyosajiliwa kwa namba ambayo sasa ina mmiliki mwingine. Mifumo mingi niliyoiona humkabidhi mmiliki mpya akaunti nzima, pamoja na salio lake.

Mchangiaji wa nne

Mimi nauliza upande wa sheria. Nikiona tovuti ya watu ina kasoro hizi, naweza kuijaribu kisha nikawaarifu?

Mwanzisha uzi

Hapana, mkuu, usijaribu bila ruhusa ya maandishi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inaufanya uingiaji usioidhinishwa kuwa kosa, na Kenya ina sheria yake ya 2018 yenye katazo kama hilo. Ruhusa itaje anwani zitakazopimwa, tarehe na mtu wa kupigiwa simu mfumo ukianguka. Hata ukiwa na ruhusa, fungua akaunti mbili za kwako na ushambulie hizo. Usinakili kanzidata ya wanachama halisi kwenda kwenye seva ya majaribio, kwani taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023.

Niongeze jaribio moja linalofanyika baada ya mengine yote. Katika majaribio yako tumia nenosiri la kipekee ambalo haliwezi kutokea popote kwa bahati, mfano KorongoMbilikimo7781, kisha ukimaliza litafute kwa grep (amri ya kutafuta maandishi) kwenye kumbukumbu za seva, kwenye kumbukumbu za makosa na kwenye baruapepe za tahadhari zinazotumwa kwa wasanidi. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wafikirie kubadilisha manenosiri baada ya kugundua kwamba yalikuwa yakiandikwa wazi kwenye kumbukumbu ya ndani kabla ya kufichwa, na Machi 2019 Facebook ikakiri jambo linalofanana na hilo. Litafute pia nenosiri ulilokosea kwa makusudi, maana wasanidi wengi hukumbuka kuficha lililokubaliwa na kuandika wazi lililokataliwa, ilhali lililokataliwa mara nyingi ni nenosiri halisi la mtu lenye herufi moja iliyokosewa, au ni nenosiri lake la mfumo mwingine.